Jiwe Alilolamba Bertille

Kataki, Kalemie
Tarehe 9 mwezi wa sita, 1983

Mpendwa Évariste, mume wangu mudogo,

Miaka mitatu. Hata mamba wa muto Lukuga hurudi ufukweni kuota jua. Wewe umekaa Kinshasa kana kwamba tulikuokota. Mimi nkambo wako, bibi yako niliyekubeba mugongoni, nakuuliza: unakula? Kifua kimepona? Sisi ni wazima, miguu yangu tu njo inanikatalia. Anayeandika ni dada yako Godelieve; mimi nasema, yeye anapunguza matusi.

Barua yako alinisomea mara nne. Umesema kila kitu, hata mimi, kimejengwa na vidogo visivyoonekana. Katikati wanakaa protoni, wenye umeme wa aina moja, kwa hiyo wanasukumana kama wake wa bwana mumoja. Neutroni hana umeme, anakaa kati yao kuwashikamanisha. Elektroni anazunguka mbali, umeme wake wa kinyume, mwepesi hata elfu moja na mia nane hawamufikii protoni mumoja. Nilicheka. Mama yangu alikaa na wake-wenza wawili, neutroni hakuonekana.

Kisha ukurasa wa tatu. Kuna mawe ya migodi yetu ya Shaba ambayo viini vyake havitulii, vinarusha vipande: protoni wawili na neutroni wawili pamoja. Karatasi inavizuia, ngozi pia. Lakini mawe hayo yakiingia tumboni, hata unga wake, vipande vinaunguza ndani.

Godelieve akashusha barua. Tuliangalia jiwe.

Unalijua: jeusi, lenye unga wa manjano, alilolileta babu yako Urbain likizo yake ya mwisho. Mugodi ukamufukia, kaburi lake sijaliona. Jiwe hilo njo nalilia kila mwaka. Siku zingine linakandamiza kifuniko cha pipa la samaki wa chumvi, maana ni zito kupita ukubwa wake.

Évariste, Bertille wa Godelieve anaota meno. Tangu Pasaka analamba chumvi kwenye jiwe lile. Mimi mwenyewe nilimushushia chini, kwa sababu lilimunyamazisha.

Samaki nimemwaga wote. Jiwe nimelifunga kwa karatasi, kama ulivyosema, nikalifukia nyuma ya choo. Karatasi yenyewe ni barua yako, kurasa zote tatu. Sasa tukitaka kusoma tena habari ya tumbo, hatuna.

“Nkambo, ungefunga na gazeti,” Godelieve akasema.

“Gazeti la nani, wewe?”

Ziwani siwezi kulitupa. Watu wanakunywa. Tena ni Urbain.

Mutoto anakula, anacheka. Mimi namupima mukononi kila asubuhi kama muhogo, naona amepungua, kisha naona hajapungua. Naogopa. Wakati wa vita sikuogopa hivi.

Mama Alphonsine na shangazi yako Séraphine wanakusalimu. Hawajui neno la jiwe, usiwaandikie. Mungu akufunike kwa kitu kizito kuliko karatasi.

Mimi ninayekupenda kuliko meno yaliyonibakia,
Nkambo wako, Françoise

Usingoje likizo. Lete ile mashini uliyoandika, inayolia karibu na mawe hayo. Ukifika mulangoni usinisalimu, usiulize jiwe liko wapi. Anzia kwa Bertille.