Dhambi za Kondoo

Jumatatu, 13 Januari

Shule imefunguliwa. "Bwana Asifiwe" — ndivyo lango lilivyoandikwa upya, na rangi bado mbichi, nimeshachafua mkono wa sweta. Mwalimu Mkuu katusimamisha mstarini mpaka miguu ikafa ganzi, akitusomea mafanikio ya muhula uliopita. Nafasi ya tatu kwenye mbio za kupokezana vijiti! (Shule zilikuwa tatu.) Choo kipya cha walimu. Kutembelewa na wageni — yule bwana aliyesimamisha gari kuuliza njia, naye kahesabiwa. Muhula huu, kasema, mafanikio yatakuwa makubwa zaidi. Tukaitikia amina. Usipoitikia unapalilia bustani.

Nimepangiwa kitanda cha juu, Kondoo cha chini, kama mwaka jana. Kondoo ni binti wa fundi saa, na jina hilo alipewa na bweni zima bila mtu kupinga. Mwaka jana alichelewa sala ya asubuhi, hakuna aliyemwona, akaenda mwenyewe kujishtaki kwa kiranja. Akapewa ukumbi aufagie. Akasema asante! Mtu wa namna hiyo na mimi tunapatanaje, sijui. Ila likizo nzima nilikuwa nimemkumbuka, na leo alivyonikumbatia nimesahau hata maneno niliyopanga kumchokoza nayo.

Alhamisi, 23 Januari

Mafanikio yameanza kumiminika. Timu ya hisabati imeenda mashindanoni na kurudi na cheti cha kushiriki. Kimewekwa kwenye fremu. Wavulana wamefungwa mabao matano, lakini "kwa nidhamu".

Mchungaji wa shule katangaza Juma la Uamsho, mwezi ujao. Kila bweni litoe mtu mmoja wa kutoa ushuhuda: alivyokuwa gizani, alivyopata nuru. Bweni litakaloshinda linapata kikombe, na ndilo litakalooga la kwanza muhula mzima. Kikombe wakae nacho. Kuoga ndiyo habari! Jikoni wanachemsha pipa moja tu la maji kila asubuhi. Wa kwanza wanaoga moto, wa mwisho wanapata ubaridi na masizi. Sisi ni wa mwisho mwaka wa pili sasa. Kale katoto ka kidato cha kwanza karibu na dirisha kanakohoa mpaka kitanda kinatingishika.

Mabweni mengine yamekuja kwangu kimyakimya, kama kawaida. Mwaka jana niliwaandikia watatu ushuhuda wao. Insha zangu zinasifiwa, basi na dhambi zangu zinauzika. Bei yangu ni kufuliwa soksi. Safari hii nimewakatalia wote. Nina bweni langu.

Jumapili, 9 Februari

Tumepiga kura ya vijiti. Kijiti kifupi kimemwangukia nani? Kondoo! Tumekwisha. Watu walikaa juu ya masanduku wameshika tama.

Nikamchukua nyuma ya kamba za nguo nimhoji. Dhambi yako kubwa kuliko zote ni ipi? Akafikiri. Akafikiri tena, uso umekunjamana, nikajiambia sasa linakuja jambo. Akasema aliwahi kumkasirikia kuku. Nikauliza, ukamfanya nini? Hakumfanya kitu. Alikasirika tu, moyoni, halafu akatubu.

Kuku! Bweni la Imani wana msichana aliyewahi kuiba simu ya mjomba wake. Sisi tuna kuku.

Jumatano, 12 Februari

Nimeandika. Na nimeandika vizuri, nijisifu mwenyewe maana hakuna mwingine atakayenisifu. Nimempa pombe. Nimempa disko la kila Jumamosi na dereva wa lori mwenye jino la dhahabu. Nimempa usiku mmoja amelala mtaroni, mvua inamnyeshea, anasikia kengele ya kanisa. Ile kengele ilinitoa machozi mimi mwenyewe.

Kondoo kasoma mpaka mwisho, akanirudishia. Hakuyafanya hayo, kasema. Najua, nikamwambia, ni mfano. Hata kwenye mahubiri mifano imejaa, kuna mtu anauliza mwana mpotevu alikuwa anakaa mtaa gani? Akataka aanze kwa kusema wazi kwamba ni mfano. Nikamwambia ukianza hivyo watu watasinzia, weka mwishoni. Alikuwa bado anasitasita. Ndipo yule mtoto wa dirishani akaanza kukohoa, akakohoa weee. Kondoo akaniomba ile karatasi.

Ijumaa, 14 Februari

Leo nguo nyekundu zilipigwa marufuku shuleni kote, kwa sababu ambayo Mwalimu Mkuu hakuitaja lakini tunayo kichwani wote.

Jioni ukumbi ulijaa tele. Imani wakatoa mwizi wao wa simu, watu wakapiga makofi ya adabu. Kisha Kondoo akapanda. Jamani! Ile sauti yake ndogo, ile mikono nyuma, halafu neno "pombe" linatoka kwenye mdomo ule. Alipofika kwa dereva wa lori, mpishi akajifunika kanga usoni. Kwa kengele, Mwalimu Mkuu akavua miwani. Mwalimu wa kompyuta alikuwa anarekodi na simu huku pua inamtiririka.

Akafika mwisho. Akavuta pumzi aseme ile sentensi yake. "Na haya yote—" Mchungaji akaruka jukwaani, akamnyang'anya maiki, akaanzisha wimbo! Watu wote juu, makofi, vigelegele. Kondoo alibaki pale mdomo wazi na sentensi yake. Alinitafuta kwa macho. Mimi nilikuwa naimba.

Tumeshinda.

Jumatatu, 17 Februari

Maji ya moto! Nimeoga mpaka ngozi ikawa nyekundu, na rangi hiyo hakuna aliyeipiga marufuku. Mtoto wa dirishani kaoga wa kwanza kabisa, bweni zima limekubali. Kondoo kasubiri mabweni yote yaishe, akaoga masizi. Kukunja shuka alikunja, ya kwake na ya kwangu.

Jana alikwenda kwa Mchungaji kumweleza kwamba haikuwa kweli. Mchungaji akamshika kichwa. Akamwambia hivyo ndivyo Shetani anavyofanya, anamjia mtu aliyeokoka na kumshawishi aukane ushuhuda wake. Wakaomba pamoja ili asiukane. Sasa hapo unamjibu nini mtu kama huyo?

Alhamisi, 27 Februari

Video imerushwa kwenye kundi la simu la wazazi, na maneno ya Mwalimu Mkuu chini yake: "Mafanikio ya muhula." Cheti cha hisabati kimeshuka nafasi ya pili.

Kondoo amekuwa mtu mashuhuri. Wasichana wa kidato cha nne, wale wasiotusalimia, wanamfuata kwenye bomba kumuuliza mambo ya madereva. Anawaambia hajui. Wanamwona anaringa. Jana mmoja kamuuliza pombe ina ladha gani, naye kajibu labda chungu. Wakacheka mpaka wakashika mbavu, "labda!" Nilicheka na mimi. Kisha nikamwona usoni, nikajitia kutafuta ndoo yangu.

Jumanne, 11 Machi

Fundi saa amekuja.

Nilimwona barazani kwa Mwalimu Mkuu, mtu mfupi, kofia mapajani, anaitazama saa ya ukutani ambayo tangu nije shule hii inasema saa nne kasorobo. Nilimwamkia. Akaitikia vizuri, akaniuliza kama mimi ndiye yule rafiki wa binti yake anayeandika insha nzuri. Nikasema ndiyo, shikamoo, nikakimbia. Nimemwamkia mara mbili!

Kondoo kanisimulia baadaye, kwenye kamba za nguo. Video imefika kanisani kwao. Baba yake ni mzee wa kanisa pale; wenzake wamemwambia apumzike kwanza uzee, mpaka aitengeneze nyumba yake. Hakumpigia binti yake kelele. Alimuuliza swali moja tu, mbele ya Mwalimu Mkuu: "Mlango wa nyumba nafunga mimi. Ufunguo nalala nao. Sasa niambie mwanangu, ulikuwa unapitia wapi?"

Akamjibu, "Baba, si kweli. Sijawahi."

Mwalimu Mkuu akaingilia. Mtoto anamwogopa mzazi, kasema, ni kawaida. Halafu akamgeukia Kondoo: kama si kweli, maneno yale yote, yenye mtaro na kengele, aliyatunga nani?

Kondoo akanyamaza.

Nilimuuliza kwa nini hakunitaja. Alikuwa anaanika soksi zangu, maana bweni sasa linanifulia kwa shukrani na leo ilikuwa zamu yake. Kasema hawezi kumtaja mtu. Mtu anajitaja mwenyewe. Halafu akasema baba yake alisimama, akavaa kofia, akamwambia "nimekuletea sabuni," akaondoka. Hakumshika hata mkono.

Jumatano, 12 Machi

Uji haupandi. Maji ya moto nimeyaacha yanipite.

Ijumaa, 21 Machi

Nimeitwa ofisini! Nilikwenda nikiwa tayari kusema kila kitu, nasema kweli, nilikuwa nimeshaifungua midomo.

Kumbe Mwalimu Mkuu ananihitaji. Siku ya kufunga shule Askofu anakuja, na Kondoo atarudia ushuhuda wake mbele ya wazazi wote. Na kwa kuwa mimi ndiye hodari wa insha, nimsaidie kuunyoosha. Aongeze kidogo pale kwenye mtaro, kasema, palimgusa sana. Asitaje jino la dhahabu, Askofu analo. Nikasema vipi kama yeye hataki? Akakunja uso. Anayeuchezea mkono wa Mungu katika ukumbi huu, kasema, atarudi kwao siku hiyohiyo na hatarudi tena hapa, yeye na yeyote aliyemsaidia. Kisha akanipa biskuti.

Nilikula. Ndiyo, niliila ile biskuti.

Mama yangu anashona nguo za watu tangu alfajiri mpaka macho yanamwasha, ili mimi nikae hapa. Nikifukuzwa nitamwambia nini, kwamba nilikuwa nauza dhambi kwa soksi?

Nikamwendea Kondoo na mpango. Nitamwandikia kitu kipya, laini, kitakachokana bila kukana, Mwalimu Mkuu asikasirike na baba yake aelewe. Ninao uwezo huo. Akatikisa kichwa. "Wewe usiniandikie tena," kasema. Polepole tu, kama anavyosema mambo yote. Nililia chooni. Choo kipya cha walimu, nilikikuta wazi.

Alhamisi, 3 Aprili

Ukumbi umepambwa. Kitambaa kikubwa: MUHULA WA MAFANIKIO. Kondoo kafunga sanduku lake lote, mpaka godoro kakunja. Nikamuuliza kwani harudi muhula ujao. Kasema hajui. Kaniachia sabuni ya baba yake, kipande kizima, eti mimi yangu imeisha.

Ijumaa, 4 Aprili

Naandika ukumbini, daftari ndani ya kitabu cha nyimbo. Hotuba imefika kwenye mbio za kupokezana vijiti. Askofu anasinzia kwa heshima. Jino lake kweli la dhahabu.

Fundi saa yupo safu ya tatu, suti ya kahawia, anatazama sakafu. Na nani kakaa pembeni yake? Mama yangu! Viti vyote hivi! Kamwinamia anamnong'oneza, namjua mama, anamfariji. Watoto wa siku hizi, baba, usijali. Ameshanionyesha kwa kidole, meno yote nje. Fundi saa ananitazama na kutikisa kichwa kwa adabu, eti hongera.

Cheti cha hisabati. Choo. Na sasa — "fanikio letu kubwa kuliko yote" — Kondoo.

Anapanda. Hana karatasi. Mikono nyuma. Mchungaji kasimama karibu naye, anatabasamu.

Kasema: "Baba, mimi sijawahi kunywa pombe. Ule ulikuwa—"

Mchungaji kachukua maiki. Kaanzisha wimbo! Uleule! Ukumbi mzima umesimama, makofi, kwaya imedakia, Mwalimu Mkuu anaimba na mishipa ya shingo imemtoka. Wanadhani wanamsaidia kumshinda Shetani. Kondoo kasimama pale mdomo wazi. Haniangalii mimi. Anamwangalia baba yake.

Tuliokaa ni wawili tu. Fundi saa kaweka kiganja nyuma ya sikio, kajipinda mbele, anajaribu kumsikia mtoto wake. Hasikii, hawezi kusikia, wanaimba.

Namjua Mchungaji. Wimbo ukiisha atamshukuru na kumshusha. Baina ya amina na neno lake la kwanza kuna kimya kidogo, cha kutosha mtu kusema sentensi moja kwa sauti. Ninayo. Ni fupi, haina kengele wala mtaro.

Beti ziko nne. Huu wa tatu unaisha. Mama kageuka, ananiuliza kwa macho kwa nini siimbi.

Wameingia wa nne. Nimesimam