Nguzo Tuliyoiziba

Jumatatu, 4 Machi

Mkwe wangu kapata kazi! Binti yangu kaja naye kula chakula cha jioni, wote wawili meno nje. Atashika drili kwenye daraja kubwa la mto. Linakarabatiwa. Watatoboa nguzo mbili zilizo majini, ya katikati na ile ya karibu na ng'ambo, waingize vyuma vipya.

Kijiko kikaniponyoka.

"Wiki ijayo tunaanza, baba," akasema, akituonyesha jinsi drili inavyotetemesha mabega. Wote wakacheka. Mimi nikaenda jikoni kunywa maji. Nikakaa huko mpaka mke wangu akaja kuniuliza kama nimeoa sinki.

Bado imo. Nani angeitoa? Tuliojua tulikuwa watatu, na mmoja amekufa.

Jumanne, 5 Machi

Niandike kwa utaratibu nisije nikajichanganya.

Wakati wa vita sisi tulishika upande wa huku, adui upande wa ng'ambo, daraja katikati yetu. Tulikuwa na baruti zilizoning'inizwa chini yake: wakijaribu kuvuka, tunalivunja. Lakini waogeleaji wao walikuwa wanakuja kukata nyaya. Tunafunga, wanakata. Koplo wetu akachoka. Kabla ya jeshi alikuwa mwashi. Akasema, moja tuitie ndani ya nguzo kabisa, tuizibe kwa saruji, halafu waogelee mpaka waote magamba!

Hakuna aliyemwamuru. Alisubiri asubuhi ya ukungu mzito ili ng'ambo wasituone. Tukashuka kwa kamba, Koplo, mwenzetu Debe na mimi. Nguzo ilikuwa imeshapigwa kombora, ina shimo kama tumbo. Koplo akaisukumia baruti humo. Mimi nikampa mawe. Debe alikoroga saruji ndani ya helmeti yake. Koplo akapiga plasta, akailainisha kwa kitambaa kibichi polepole, kama ana siku nzima. Akanong'ona: "Hata mke wangu sijawahi kumpaka poda namna hii." Tukacheka kwa pua, roho mkononi.

Kesho yake mzinga ukamchukua. Nilimkuta — sehemu yake. Mkono ulikuwa bado mweupe kwa saruji, mpaka ndani ya kucha.

Nimesoma vitabu kabati tatu tangu wakati ule. Watu husema nina kiu ya elimu. Kiu gani? Nafungua ukurasa ili nisiuone ule mkono, nao umo kwenye ukurasa, umetulia.

Vita vilipokwisha, jeshi lilitoa baruti zote lilizotega lenyewe. Ya Koplo hawakuijua.

Jumatano, 6 Machi

Ofisini kwa injinia. Kijana mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikono inasimama. Alinisikiliza kwa adabu. Hiyo adabu ndiyo iliyonichoma.

"Mzee, miaka yote hii ulikuwa wapi?"

"Niliandika! Gazetini, tena ukurasa wa mbele wa maoni!"

Akaitafuta makala yangu kwenye simu yake. Akaipata, jamani. Akaanza kunisomea mimi maneno yangu mimi. Waziri ni kiboko aliyefungwa tai. Makandarasi wote ni mchwa. Daraja litaanguka kabla mwaka haujaisha. "Halikuanguka, mzee." Akashuka, akapanda tena, na humo katikati, baada ya kiboko na kabla ya mchwa, sentensi moja: kuna baruti ndani ya nguzo.

Moja tu. Jambo la kweli kuliko yote niliyowahi kuandika nililifunga ndani ya kelele, watu wakacheka, wakageuza ukurasa. Barua za wasomaji zilikuja nyingi, zote za kiboko.

Nikamwambia alete jeshi wapime. Wameshaulizwa, akasema: nguzo zimejaa vyuma, kifaa chao kitalia kila mahali. Basi anifanyie nini? Nimletee shahidi wa pili.

Nikaubamiza mlango wake. Siku zote nikibamiza mlango hujisikia vizuri.

Alhamisi, 7 Machi

Binti yangu amekuja peke yake. Hakukaa. Eti nimekwenda kumchongea mumewe.

"Baba, umegombana na gazeti, na serikali, na kanisa, na msikiti, na jirani kwa ajili ya jogoo. Nguzo tu ndiyo ilikuwa imebaki?"

Nikamwambia atauawa. Akasema: kila wiki kwako kuna mtu anauawa. Kisha akalia, akakataa nimshike.

Mke wangu alikuwa anakunja sare yake ya uuguzi. Hakuinua macho. "Mara hii nakuamini," akasema. "Ndiyo maana naogopa."

Ijumaa, 8 Machi

Kwa Debe. Anatengeneza baiskeli kwenye kibanda cha bati, miguu imevimba, kicheko kile kile cha debe tupu kilichompa jina. Hatujasemeshana tangu nilipokiandika chama chake cha wapiganaji wastaafu kwamba ni viti vyenye medali.

"Karibu, mheshimiwa! Samahani, viti havina cha kusema."

"Debe, acha mzaha."

"Mzaha? Mke wangu alikata ile makala akaibandika chooni. Usikasirike, ndiko mahali pekee ninaposoma."

Nikamweleza. Kicheko kikakatika. Akaacha breki aliyoishika, akafuta mikono kwa muda mrefu, kidole kimoja kimoja. "Kumbe nawe unamwota," akasema.

Hatukutaja ni nani.

Akakubali kuja. Tena akaanza kuvaa shati. Nikampiga bega, nikasema basi tukawaonyeshe hiyo nguzo ya katikati. Mkono wake ukasimama ndani ya shati.

"Ya katikati? Ya ng'ambo, bwana wee."

"Ya katikati, Debe! Nilisikia maji yakipasuka pande mbili; ile ya ng'ambo yanapasuka upande mmoja tu."

"Na mimi nilimsikia mlinzi wao akikohoa, karibu kama hapo kwenye ile baiskeli! Nikamwambia Koplo, huyu ana pumu. Koplo akanifinya!"

Tulipigiana kelele mpaka mteja akaondoka na gurudumu moja. Nilimwita mzee aliyeoza kichwa. Aliniita domo lenye miwani. Mwishoni tukawa tunahema, kila mtu kwenye ndoo yake. Tulikuwa ndani ya ukungu. Tuliusubiri makusudi, mzito, ili tusionekane. Hatukuuona ukingo wowote. Tulishushwa kwa kamba kwenye weupe, tukapandishwa kwenye weupe.

Jumapili, 10 Machi

Siwezi kusoma.

Nimekaa mezani tangu asubuhi nikiirudia ile siku ya ukungu. Kamba kwapani. Baridi. Harufu ya saruji mbichi. Maji — ndiyo, maji yanapasuka, naapa. Lakini sasa kuna mtu anakohoa. Siku zote hakuwepo, na leo yupo, nyuma ya bega langu la kushoto, anakohoa kikohozi kikavu, anatema. Nimemkumbuka, au Debe amenipandikizia? Namgeukia Koplo nimwulize. Analainisha plasta yake tu. Hageuki.

Mke wangu ameniondolea vikombe viwili vya chai vilivyopoa.

Jumatatu, 11 Machi

Injinia ametupokea. Amemwamini Debe dakika ileile! Mimi nilikuwa nimekuja na hoja, Debe kaja na miguu yake. Lakini tulipofika kwenye swali la nguzo ipi, akatutazama kama watoto waliopoteza ufunguo.

Mto unaanza kujaa. Hawezi kuzisimamisha zote mbili. Atatupa moja: hiyo itafunguliwa kwa mkono na watu wa jeshi, taratibu. Nyingine itatobolewa kesho kama ilivyopangwa. Tusipoitaja, zitatobolewa zote. Nikapaza sauti. Nikataja sheria, nikataja damu, nikataja mama yake. Akamwita foromani.

Jioni nilikwenda kwa mkwe. Nikamwambia, mwanangu, kesho usiende, sema unaumwa. Alikuwa anasafisha viatu vyake vya kazi.

"Baba, nikitoka mimi atapanda mwenzangu. Tofauti ni kwamba yeye hana baba mkwe wa kumwambia."

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. Safari hii hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Jumanne, 12 Machi

Naandikia juu ya goti, darajani. Jua kali, hakuna hata uzi wa ukungu, kila kitu kinaonekana mpaka kokoto. Nguzo mbili, rangi moja. Nimeshushwa kwenye kikapu cha winchi mara mbili, nimezipapasa zote. Plasta ya Koplo haionekani. Alikuwa fundi kweli, mshenzi yule!

Watu wa jeshi wako tayari, kofia nzito, wanacheza karata kwenye kivuli cha lori. Mkwe wangu amefunga mkanda. Drili iko kwenye kikapu, atashuka nayo kwenye ile tutakayosema ni salama. Hivyo ndivyo alivyosema: mtakayosema. Kwa heshima, mikono nyuma.

Asubuhi yote Debe alishikilia ya ng'ambo, mimi ya katikati. Sasa hivi amekuja akakaa karibu nami kwenye sakafu ya chuma. Hakucheka.

"Nimeshuka kule katikati," akasema. "Nimesikia maji yakipasuka pande mbili. Kama ulivyosema wewe."

Nikamwambia na mimi tangu juzi namsikia yule mtu akikohoa.

Yeye amehamia kwangu, mimi nimehamia kwake! Ningecheka kama ingekuwa ya mtu mwingine, ningeiandikia makala.

Injinia amekuja. Ameangalia saa, ameangalia maji. "Wazee wangu, semeni."

Debe akanigusa kiwiko. "Sema wewe. Miaka yote wewe ndiye msemaji wetu, tulikuwa tunakasirika tu. Utakalosema na mimi ndilo langu."

Foromani amezima redio. Wa jeshi wameacha karata. Mkwe wangu amevua glavu moja, ameishika, ananitazama mdomo kama mtu anayesubiri kuambiwa njia na mwenyeji.

Naandika ili nisiinue kichwa. Mstari huu ukiisha itabidi niinue. Ya katikati — la. Maji yalikuwa