Dada Yangu Ndiye Mchawi wa Riwaya Yangu

Shangazi mpendwa wa ukurasa huu,

Najua wengi wanakuandikia kuhusu wachumba na wakwe, na tatizo langu mimi ni riwaya, lakini nakuomba usiiruke barua hii maana nyumbani kwetu watu wawili hawasemeshani na chanzo ni mimi.

Niko sekondari, si msemaji, naweza kumaliza wiki nzima darasani sijanyoosha mkono, lakini naandika riwaya ya fantasia, zile za falme na miujiza, kuhusu msichana anayesikia mawe yakiongea, na kila kitu kinaonekana kwa macho yake peke yake, akilala hadithi inalala, akipotea njia msomaji naye anapotea. Adui yake ni mchawi aitwaye Malkia Sindano, anayewashona midomo watu wa bondeni ili wasiimbe. Ana gurudumu la chuma lisilonyamaza, anaongea kwa meno yaliyofumbwa, na hamtazami mtu usoni, anamtazama mabega na kiuno.

Shangazi, dada yangu ni fundi cherehani. Anashonea chumbani, chumba chetu sisi wawili, mimi naandika kitandani na yeye yuko dirishani penye mwanga, cherehani inanguruma hadi sentensi zinanitoka kichwani, nikimwambia kitu ananijibu "Ngoja" au "Ondoka kwenye mwanga," pini zimejaa mdomoni, na wateja wakija kupimwa natolewa nje na karatasi zangu kama paka. Sikuwahi kumwambia kwamba inaniudhi. Niliandika tu.

Karatasi hizo husomwa na mtu mmoja, mwenzangu wa dawati, tunamwita Profesa kwa sababu ya miwani. Wiki iliyopita alikuja nyumbani kuchukua sura mpya, akamkuta dada amepiga magoti anabana pindo la gauni la mteja kwa pini. Profesa akaangua kicheko. "Heee! Kumbe Malkia Sindano yupo kweli! Hata meno!" Dada akazitoa pini moja moja, akauliza, "Malkia Sindano ndiye nani?" Mimi nikazificha karatasi mgongoni. Mteja alipoondoka dada alinyoosha mkono, nikampa karatasi zote, akazisoma amesimama hadi mwisho. Nilidhani atanizaba kofi. Akasema tu, "Huyu msichana anasema toka mwanzo mpaka mwisho. Na huyu mchawi, zamu yake lini?" Kisha akaburuta cherehani mpaka koridoni, kwenye kiza.

Sasa chumba kiko kimya kama nilivyokuwa nataka, na siandiki hata mstari. Mama akiuliza, "Mmegombania nini nyie?" tunajibu hamna kitu. Dada ananiwekea sahani mezani bila neno. Profesa anasema dawa ni rahisi, riwaya kubwa za fantasia zina wasimulizi wengi, nimpe Malkia sura zake, nimpe na mfalme, nimpe na farasi, dada akisoma atafurahi. Nimejaribu. Kila nikimwingia Malkia kichwani anaongea kama mimi. Tena naogopa kuharibu, maana raha ya hadithi yangu ni kwamba msomaji hajui kilicho nyuma ya mlango mpaka msichana aufungue. Je, nibaki na msimulizi mmoja au niongeze? Na dada atarudi chumbani?

Ni mimi,
Msikia Mawe

*

Msikia Mawe, sijairuka. Wachumba wanaweza kusubiri.

Tuanze na riwaya, kwa kuwa ndiyo nyepesi. Msimulizi mmoja si kosa. Msomaji akitembea na mtu mmoja anachoka naye, anaogopa naye, na mlango ukifunguliwa wanashtuka pamoja. Wasimulizi wengi nao wana utamu wao, lakini kila anayepewa zamu lazima awe na kitu anachokitaka mwenyewe, na ndani ya sura yake tumwone ana haki. Mfalme hana anachokitaka? Anyamaze. Farasi wa Profesa abaki zizini. Na Malkia, umekiri mwenyewe kwamba anaongea kama wewe. Basi huyo ni wewe umevaa gauni lake. Ukimpelekea dada yako sura kama hiyo, utakuwa umemsema, kisha ukamsemea.

Sasa lililo zito. Mwanangu, unasikia mawe na humsikii mtu mnayelala chumba kimoja! Macho unayo, nakusifu: umeona magoti, mabega, meno. Lakini mtu mwenye pini mdomoni ulitaka akujibuje, akuimbie? Akifungua kinywa anazimeza. Anakutoa kwenye mwanga kwa sababu anatunga uzi kwenye sindano. Anamtazama mteja kiuno kwa sababu gauni halivaliwi usoni. Hizo pini umezitaja wewe mwenyewe kwenye barua yako, ukazipita. Na kelele zilipokuudhi, ulimwambia lini? Hukumwambia. Ulimaliza sura baada ya sura ukimsimulia mtu mwingine. Nani basi amemshona mwenzake mdomo?

Fanya hivi. Leo ukitoka shule nenda koridoni mikono mitupu, usichukue hata karatasi moja. Mwambie samahani, neno lenyewe, usizunguke. Mwambie na la kelele, maana nalo ni kweli. Halafu muulize huwa anawaza nini akiwa kwenye cherehani, kisha unyamaze; kunyamaza unakuweza. Mpangiane wakati wa cherehani na wakati wa kalamu. Akitaka kurudi chumbani, shika upande mmoja wa cherehani muibebe pamoja. Asipotaka, mpelekee taa. Profesa naye aje aombe radhi kwa kinywa chake, si kupitia kwako.

Riwaya ibaki na msichana wako peke yake. Ila mwache akosee. Aamini kwamba Malkia anafumba meno kwa chuki, msomaji aamini naye, mpaka siku atakayosogea karibu vya kutosha kuona kuna nini mdomoni. Huo ndio mlango ambao hujaufungua. Dada akikuruhusu, ufungue.

Na ukifika koridoni ukamkuta na pini, usianze kuongea. Kaa chini, usubiri azitoe.