Usitutumie Redio ya Pili

Kuresoi,
Juni 1968

Ndugu yangu Kiprugut,

Pokea salamu za dada yako Jeruto, ingawa mkono unaoziandika una hasira. Mvua ni nzuri, viazi vimechipuka, na ng'ombe wako mwekundu amezaa ndume.

Umeandika kutoka Naivasha kwamba kikundi chetu cha kusikiliza kipindi cha wakulima kikigawanyika, watu wa viazi peke yao na watu wa ng'ombe peke yao, utatutumia redio ya pili ili tusigombane. Umechelewa. Tuligombana Jumapili.

Watu wa ng'ombe walisema wamechoka na habari za viazi, wakaibeba ile redio yako waende nayo. Mume wangu akawanyang'anya akipiga kelele, "Kikundi ni kimoja!" Marungu yakatoka. Kiptanui, mwenyekiti wetu, aling'olewa meno mawili hapa uani kwangu, na bibi yake akaniuma bega. Baba akaingia katikati na mikono juu. "Nyinyi watoto, kaeni chini!" Hapo redio ikarushwa. Betri yake ni nzito kama jiwe. Ilimpata Baba juu ya sikio, damu ikajaa kofia.

Yuko hai, lakini haongei tena.

Redio usitume. Njoo wewe. Na ukifika usiulize ni nani aliyeirusha. Keti tu jioni umwangalie mume wangu akimlisha Baba uji, na mimi nimesimama nyuma ya mume huyo na panga.

Dada yako,
Jeruto