Uso Uliokwanguliwa

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Natumaini mgongo umepata nafuu na wanao hawajambo. Mimi ni mzima wa mwili, ila nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi.

Aliyenikasirisha ni mwalimu wangu wa uchoraji. Nilipofika kwake kujifunza kuchora sura za watu kwa rangi za mafuta, alinitundikia picha ya kale ya bibi mwenye shali nyeusi, akaniambia niinakili mpaka mtu ashindwe kujua ipi ni ipi. Huu ni mwezi wa nane niko kwenye picha hiyohiyo. Miezi miwili ya kwanza nilipaka kahawia tupu, vivuli tu, kama fundi wa kupiga lipu. Nikimuuliza lini nitachora mtu wangu mwenyewe, hujibu kwamba haraka haraka haina baraka.

Jana aliutazama uso niliokuwa nimeumaliza. Akasema shali ni ya yule bibi, mikono ni yake, lakini uso ni wa mwanamke mwingine. Akachukua kisu cha rangi akaukwangua wote, wenzangu wakicheka. Nilimwambia hana moyo, nikabamiza mlango, na leo sikwenda.

Dada, yule mwanamke mwingine alikuwa mama.

Ile picha ya pekee aliyopigwa, uliyomshutumu wifi kuipoteza tulipomzika mama, niliichukua mimi. Niliibandika pembeni mwa turubai langu la kuchorea. Wiki tatu zilizopita tone la rangi liliirukia shavuni, nami kwa mazoea nikalifuta kwa kitambaa chenye tapentaini, ile dawa tunayoyeyushia rangi. Tone likatoka, na mama akatoka nalo. Ndipo nikaanza kumpaka kwa kumbukumbu juu ya mabega ya bibi wa watu, kabla sijamsahau. Mwalimu alikwangua asichokijua. Wa kwanza kumfuta ni mimi, na hilo ndilo linaloniunguza.

Wifi nimeshamwandikia. Nawe mwombe radhi, umemnunia mwaka mzima bure.

Shemeji na watoto wasalimie sana. Kisha njoo, ukae mbele yangu dirishani siku tatu nikuchore, maana wewe ndiye uliyerithi uso wake. Najua utafika umefura. Usijilazimishe kutabasamu. Ukinuna ndipo unapofanana naye.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba