Resori ya Pistole Yako

Nchelenge, mwezi wa tano 1978

Yaya Valère,

Batoto beko muzuri, samaki ni mingi.

Bwana yangu Kalaba alibadilisha resori, ile springi ya ndani ya pistole yako, vile uliomba, na uliisha kuipokea. Lakini leo asubui ameniambia mafuta ya mashini ilikuwa imeisha, njo akapakaa mafuta ya samaki. Anasema haina neno.

Yaya, ile mafuta tulipakaa ku kufuli ya mulango. Ilikauka sawa gundi, sasa ufunguo hauzunguke.

Redio inasema vita iko Kolwezi, na wewe ni soda, uko mu jeshi. Fungua pistole, uipanguse yote na petroli mbele hawajakutuma kule.

Mama analala muzuri, juu anasema uko na silaha. Sikumuambia kitu.

Dada mudogo yako,
Ngalula