Wimbo Nilioambiwa Hauna Mwenyewe

Alhamisi, Ufukoni. Manyunyu tangu alfajiri, nguo hazikauki, na moyo wangu hautulii.

Nianze na kosa langu, maana nikizungukazunguka sitalisema.

Mimi nahariri video za harusi. Mwezi uliopita video yangu moja iliondolewa mtandaoni kwa kutumia muziki wa watu, nikaapa kutumia tu kazi zilizokwisha muda wa hakimiliki. Nikapekua hazina ya maktaba moja ya ng'ambo siku mbili nzima, nikamkuta mwanamke anaimba Kimakonde, karekodiwa zaidi ya miaka mia iliyopita. Maelezo mafupi: kando ya mto Ruvuma, jina halijulikani, ruhusa kwa yeyote, kwa matumizi yoyote. Nilipiga vigelegele peke yangu chumbani.

Kila baada ya mstari kulikuwa na ukimya. Nikadhani ni ubovu wa kinasa. Kwa kiherehere changu nikaukata wote, nikaunganisha mistari ikawa inazunguka bila kituo, nikaiweka kwenye video ya harusi ya Rehema, binti wa mama mdogo, aliyeolewa Mtawanya, nikairusha mtandaoni. Kimakonde changu ni cha kuombea maji tu, na unyago nilichezwa wiki moja, wakati wa likizo. Ningejuaje?

Fungate ya Rehema ikaisha. Hakutoka.

Siku ya nane, ya tisa, ya kumi, hajavuka kizingiti. Haumwi, hajagombana na mtu. Anakaa kitandani anaitazama video yangu. Mumewe akanipigia: "Shemeji, ndugu yako anasema bado hajaitwa."

Jana nilikuwa naisikiliza tena ile sauti ya asili, isiyokatwa. Bibi yangu, aliyekuja kutoka Kitaya kutibiwa macho, alikuwa barazani anamenya mihogo. Kisu kikanyamaza. Kisha, penye ukimya, Bibi akaitikia. Yule anaimba, Bibi anaitikia, wanapokezana kana kwamba wamekaa mkeka mmoja.

"Nani kakuletea huyu?" akaniuliza.

"Wimbo hauna mwenyewe, Bibi. Haki imekwisha muda, sasa ni wa watu wote."

"Watu wote ndo nani? Huu wa kutolea mwali. Ukiuanza huuachi njiani. Usipoitikiwa, mwali hatoki."

Nikamwonyesha video ya Rehema. Akashika kichwa. "We mtoto, umemfungia mwenzio ndani!"

Leo asubuhi nimeifuta, tukaenda Mtawanya. Bibi alimfukuza shemeji hadi barabarani, maana si wimbo wa kusikiwa na wanaume. Na mimi nimewasikilizisha wanaume wote wa mtandaoni! Aibu yangu hiyo.

Tumeuweka ule wa asili mlangoni kwa Rehema, Bibi akaitikia. Rekodi inakatika kabla ya mstari wa mwisho, ndivyo ilivyo tangu huko. Bibi akamalizia peke yake. Rehema akatoka, kajitanda khanga, akauliza kama mvua imeanza leo. Nililia bila kuona haya.

Tukiwa njiani kurudi, Bibi akasema, "Na yule mwingine?"

"Yupi, Bibi?"

"Aliyekuwa anaimbiwa siku ile. Mashine yao imekata hajatolewa."



Adhuhuri tumeuweka tena, hapa nyumbani, kwa ajili yake. Bibi akaumalizia. Nilitaka kumrekodi, akakataa katakata; mstari wa mwisho nitajifunza kwa mdomo, kuanzia kesho, kabla hajarudi Kitaya. Nitajifunza, Mungu akipenda.

Sasa ni saa kumi. Kompyuta nimeizima kitambo. Bibi ameacha mlango wa chumba changu wazi, ameweka kata ya maji kizingitini, amekaa anatazama ndani. Nimemwambia mle hamna mtu.

"Subiri," kasema. "Aliyekaa sana hutoka taratibu."